Lifti ya boti: hesabu ya maji kwanza, mota baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa kwa mfereji, na kuzivusha meli milimani kwa lifti za boti. Msomaji wa kwanza alitoa mfano wa gurudumu la Falkirk kule Scotland, akauliza kwa nini nasi tusiwe nalo. Wa pili akamjibu kwamba umeme wa kuinua meli moja tu ungezima taa za Mbeya nzima. Kwa heshima zote, wa pili amekosea sababu, na wa kwanza amekosea mahali.

Nianze na umeme, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Gurudumu la Falkirk lilifunguliwa mwaka 2002. Linainua boti mita 24, kama jengo la ghorofa nane. Lina matangi mawili, kila moja likibeba lita 250,000 za maji, moja kwenye ncha hii ya mkono mkubwa wa chuma na jingine kwenye ncha ile. Mkono huo ukizunguka nusu duara, tangi la chini linafika juu na la juu linafika chini, kwa muda wa dakika 4 au 5. Umeme unaotumika ni uniti moja na nusu. Ni uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Mtu anayepikia jiko la umeme anazimaliza kabla maharage hayajaiva.

Inawezekanaje? Jibu linaweza kuonekana dukani kwa mtu yeyote mwenye mizani. Chukua beseni la lita 20, liweke juu ya mizani, chini yake tandika sinia pana. Jaza maji mpaka ukingoni kabisa, yaani ukiongeza tone yanamwagika. Soma mizani. Sasa chukua sufuria, tia mchele kilo 2, uiweke taratibu ielee juu ya maji. Maji yatamwagika kwenye sinia. Yakitulia, yaondoe yale ya sinia na usome mizani tena: utakuta uzito ule ule wa mwanzo. Pima maji yaliyomwagika. Kama sufuria ina nusu kilo, utapata lita 2 na nusu, sawasawa na uzito wa sufuria na mchele wake. Kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito kama wake, basi. Tangi la lifti lenye boti na tangi lisilo na boti, maji yakiwa kwenye alama moja, uzito wao ni mmoja. Kwa hiyo matangi mawili yanapingana kama vitanga viwili vya mizani, na kazi ya mota ni kushinda msuguano wa beringi, upepo, na ule ugumu wa kuanza kusogeza kitu cha mamia ya tani.

Rudia jaribio hilo, safari hii jaza sufuria mpaka iguse chini ya beseni. Mizani itapanda, kwa sababu uzito uliozidi haubebwi tena na maji, unakaa juu ya beseni. Ndivyo inavyokuwa boti iliyopakiwa kupita kiasi inapokalia sakafu ya tangi: upande mmoja unakuwa mzito na mwingine mwepesi. Ndiyo maana kila lifti ina kipimo cha mwisho cha kina cha chombo, na anayesimamia mlango hupima kabla ya kuruhusu kuingia.

Kwa hiyo anayeangalia lifti ya boti asitazame mota. Atazame kimo cha maji. Kule Strépy-Thieu, Ubelgiji, ambako lifti iliyofunguliwa mwaka 2002 inapandisha vyombo vya tani 1,350 kwa mita 73, tangi lina urefu wa mita 112 na upana wa mita 12. Zidisha: eneo la maji ni mita za mraba 1,344. Kila sentimita moja ya maji iliyozidi au kupungua ni tani 13 na ushee. Kwenye lifti ya Three Gorges, China, tangi la mita 120 kwa 18, sentimita moja ni tani 21 na nusu. Upana wa ukucha wa kidole gumba unatosha kugeuza hesabu yote ya injini. Falkirk, ambako matangi ni madogo, vipima kimo, pampu na milango midogo inayojiendesha vimepewa kazi ya kuhakikisha tofauti ya maji haipiti milimita 37.

Wahandisi wa zamani waliigeuza shida hiyo kuwa nguvu ya kuendeshea. Mwaka 1875, huko Anderton nchini Uingereza, ilifunguliwa lifti aliyoibuni Edwin Clark ya kuunganisha Mto Weaver na mfereji ulio juu yake mita 15.2. Matangi mawili ya chuma yalikaa juu ya pistoni mbili nene za kipenyo cha sentimita 91, na silinda zake ziliunganishwa kwa bomba. Tangi la juu liliongezewa maji ya kina cha sentimita 15 kuliko la chini. Tangi lilikuwa na eneo la mita za mraba 107 hivi, kwa hiyo sentimita hizo ni kama tani 16. Koki ikifunguliwa, tangi zito linashuka, maji ya silinda yake yanahamia silinda ya pili, na tangi jepesi linapanda bila injini. Kulikuwa na kasoro moja inayofundisha sana. Tangi lililoshuka lilipoanza kuzama kwenye maji ya mto, lilielea kidogo na kupoteza uzito, hivyo mwenzake wa juu akasimama kabla hajafika. Mita moja na kitu iliyobaki ilibidi imaliziwe kwa shinikizo la maji lililowekwa akiba na mtambo wa mvuke. Lifti nyingi zilizofuata zilijengewa shimo kavu chini, tangi lisiguse maji ya nje kabisa.

Anderton hiyo hiyo inaonyesha mambo haya yanavyoharibika, na wanafunzi wetu wa ufundi wangefaidika kuyajua. Mwaka 1882 silinda moja ilipasuka tangi likiwa juu na boti ndani. Tangi likashuka, lakini maji yalitoka kwenye ufa kwa kiasi, na maji ya chini yakalipokea, hakuna aliyeumia. Tatizo lililodumu zaidi lilikuwa kutu. Maji ya kuendeshea pistoni yalichotwa kwenye mfereji wenyewe, nayo yalikuwa na kemikali za viwanda vya eneo lile. Yakachimba vijifereji kwenye pistoni. Mafundi wakaviziba kwa shaba. Shaba na chuma zikigusana ndani ya maji yenye kemikali hufanya kazi kama betri, na chuma ndicho kinacholiwa. Ugonjwa ukazidi dawa. Mwaka 1897 waliachana na maji ya mfereji wakatumia maji safi ya kukenekwa, kama haya tunayoita maji ya betri, na uharibifu ukapungua. Lakini haukwisha: mwaka 1908 lifti ikabadilishwa iendeshwe kwa mota za umeme, kebo za chuma na mizigo ya kusawazisha, na mwaka 1983 ikafungwa kwa sababu fremu ilikuwa imeliwa. Ilifufuliwa mwaka 2002, safari hii pistoni zikisukumwa kwa oili. Yeyote anayeziba tundu la bomba la chuma kwa shaba na kuliacha kwenye maji akumbuke habari hii.

Sasa milango, maana ajali nyingi huzaliwa mlangoni. Tangi likifika juu, kwanza linafungwa kwa kufuli za chuma lisitikisike. Kati ya mlango wa tangi na mlango wa mfereji kuna mwanya mwembamba, nao umezungukwa na raba. Raba inabanwa, mwanya unajazwa maji mpaka shinikizo la pande zote liwe sawa, ndipo milango yote miwili inafunguliwa pamoja. Boti inaingia polepole sana. Ikiingia kwa haraka ndani ya tangi lenye upana unaokaribia upana wake, inasukuma maji kama pistoni ndani ya bomba: maji yanajikusanya mbele, nyuma yanapungua, na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, inaweza kugusa chini. Boti inafungwa kamba omo, yaani mbele, na tezi, injini inazimwa. Milango inafungwa. Kimo cha maji kinasomwa. Maji ya ule mwanya yanatolewa, kisha raba inaachia, na mwisho kabisa kufuli zinafunguliwa. Ukiruka hatua moja, umekaribisha msiba. Kijiti kimoja kilichobanwa kwenye raba kinatosha kuvujisha tangi njia nzima na kuvuruga uzito. Mwezi Januari mwaka 2002, kwenye lifti ya zamani ya La Louvière, Ubelgiji, tangi lilianza kupanda chombo kikiwa bado kinatoka mlangoni. Na Falkirk yenyewe, mwaka ule ule kabla hata ya kufunguliwa, wahuni walilazimisha milango, maji yakafurika kwenye sehemu ya mitambo, na uzinduzi ukachelewa kwa mwezi mmoja.

Kuhusu gurudumu la Falkirk, msomaji wa kwanza aliuliza matangi hayapinduki vipi mkono ukizunguka. Tangi limekaa juu ya magurudumu madogo ndani ya pete, na kwa kuwa maji ni mazito lingejaribu kubaki wima lenyewe, lakini msuguano ungelivuta. Kwa hiyo kuna gia. Gia kubwa ya katikati haizunguki, imefungwa kwenye jengo. Kila upande wake kuna gia ndogo, na baada ya hiyo gia nyingine kubwa yenye ukubwa sawa na ile ya katikati, imeshikamana na tangi. Mkono ukizunguka, gia ndogo inatembea juu ya meno ya ile isiyozunguka na kuirudisha gia ya tangi nyuma kwa kiasi kile kile mkono ulichokwenda mbele. Tangi linabaki wima. Mkono huo haukuunganishwa kwa kuchomelea. Umefungwa kwa bolti 15,000 hivi, kwa sababu kila mzunguko upande uliokuwa unavutwa unakuja kubanwa, na chuma kilichochomelewa kikigeuziwa nguvu namna hiyo kila siku kinachoka na kupasuka pale pale kwenye mshono. Wenye magereji ya Mwanjelwa wanaorudisha chesi za malori kwa kuchomelea kila baada ya miezi michache wanaufahamu uchovu huo, hata kama hawauiti hivyo.

Lifti za kebo nazo zina ujanja wake. Ile ya zamani ya Niederfinow, Ujerumani, ilianza kufanya kazi mwaka 1934. Tangi lenye maji lina uzito wa takriban tani 4,300, linaning'inia kwenye kebo 256, upande wa pili kuna matofali ya zege yenye uzito ule ule, na linapanda mita 36 kwa dakika 5 hivi. Tangi likishuka, kebo nyingi zinahamia upande wake nazo ni nzito, kwa hiyo minyororo inayoning'inia chini inafidia tofauti hiyo. Lakini kinachonivutia zaidi ni kinga yake. Kwenye tangi kuna skrubu kubwa zinazozunguka ndani ya nguzo zenye nyuzi kama za nati, bila kugusana. Siku zote zinaambatana na tangi kwa kasi ile ile. Maji yakivuja ghafla na tangi likataka kuruka juu, au kebo zikikatika likataka kuanguka, ule mwanya mdogo unakwisha na nyuzi zinaumana. Tangi linasimama hapo lilipo. Hakuna anayebonyeza kitufe.

Basi, kama mashine yenyewe ni nzuri hivi, kwa nini nasema msomaji wa kwanza amekosea mahali?

Maji ya Ziwa Nyasa yako takriban mita 470 juu ya bahari. Ya Rukwa yako kama mita 800. Ukiangalia hizo namba mbili peke yake utasema tofauti ni mita 330, lifti tatu za Three Gorges zinatosha, maana ile inapandisha meli za tani 3,000 kwa mita 113 na ni miongoni mwa lifti ndefu kuliko zote za wima. Lakini katikati ya maziwa hayo kuna sisi. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, Mbeya mjini kama mita 1,700. Kutoka Kyela mpaka Mbeya ni kupanda mita 1,230, halafu kuteremka mita 900 kwenda bondeni Rukwa. Hizo ni lifti 19 za ukubwa wa Three Gorges zikiwa zimepangwa mfululizo. Ukipitisha mfereji upande wa Mbozi utapunguza chache, bado utabaki na zaidi ya kumi.

Halafu maji. Ni kweli lifti haili maji kama inavyokula ngazi ya milango, yaani vile vyumba vya maji vinavyojazwa na kumwagwa kimoja baada ya kingine. Pale Falkirk palikuwa na ngazi ya vyumba 11, na kuipitisha boti kulikula tani 3,500 za maji na karibu kutwa nzima. Lifti haimwagi hata kidogo. Tena boti ya tani 20 ikishuka kwa lifti, maji tani 20 yanapanda: inapoingia tangini juu inayasukuma maji yake yabaki mfereji wa juu, na inapotoka chini maji ya chini yanaingia kujaza nafasi yake, kisha yanapandishwa na tangi. Mzigo wa kuteremka unakuletea maji mlimani bure. Ni jambo zuri mno, na laiti bidhaa za kwetu zote zingekuwa zinateremka tu.

Ila mfereji wa juu wenyewe una kiu. Mfereji wa upana wa mita 10 na urefu wa kilomita 60 ni mita za mraba 600,000 za maji yaliyo wazi kwa jua na upepo. Tukikadiria milimita 5 tu zinazopotea kwa siku, ni lita milioni 3 kila siku, kabla ya hesabu ya maji yanayonyonywa na ardhi. Na ardhi ya kuzunguka Rungwe ni majivu na pumisi za volkano, vyepesi, vyenye vitundu. Bila kutandika udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, yangezama kama yanavyozama kwenye tifutifu la shamba la viazi. Maji ya kujazia yatatoka wapi wakati wa kiangazi? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi huko chini ya kinamasi cha Ihefu, na wakulima wa mpunga wa Usangu, wafugaji na mabwawa ya Mtera na Kidatu wote wanayatazama maji hayo hayo. Sitaunga mkono mtu wa nne kwenye foleni hiyo. Niongeze kwamba tuko ndani ya bonde la ufa. Desemba mwaka 2009 ardhi ilitikisika mfululizo kule Karonga, jirani kabisa na Kyela. Reli za kuongozea tangi la lifti hupimwa kwa milimita.

Kutokuwepo kwa njia ya maji kulishaamua historia ya ziwa letu. Mwaka 1875 meli ya mvuke Ilala ilipandishwa Mto Shire mpaka kwenye maporomoko, ikafunguliwa vipande, ikabebwa na mamia ya wapagazi mpaka juu ya maporomoko, ikaunganishwa tena na kuingia Nyasa. Meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyoingia majini mwaka 1893, nayo ilifika kwa vipande. Hata leo, MV Ruvuma na MV Njombe, zenye uwezo wa kubeba tani 1,000 za mzigo kila moja, na MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200, zimejengwa pale pale bandari ya Itungi. Meli za Nyasa huzaliwa Nyasa, na zikiugua hutibiwa Nyasa. Hermann von Wissmann ilipopigwa mizinga mwaka 1914 mwanzoni mwa vita, ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo, yaani njia ya mteremko ya kuvutia vyombo nchi kavu, pale Liuli kwa matengenezo.

Chelezo ndiyo mashine ya kuinua boti ambayo ufukwe wetu unaihitaji, kuanzia Matema na Ikombe hadi Lupingu, Manda na Mbamba Bay. Maboti ya mbao yanayobeba mchele, dagaa na vyungu vya Wakisi yanavutwa nchi kavu kwa magogo na mabega ya watu 30, mkuku, ule uti wa chini wa boti, unasagika kwenye mawe, na mbao zinaoza kwa sababu kuipandisha boti ni kazi ya kutisha hivyo inaahirishwa. Chelezo ya kijiji haihitaji mfadhili wa kutoka mbali. Inahitaji hesabu.

Tuchukue boti ya mita 14, uzito tani 15, inayozama mita 1.2. Iwekee gari la chuma la urefu wa mita 10 na uzito tani 3, sakafu yake ikiwa sentimita 80 juu ya reli. Mteremko mzuri ni mita 1 kwa kila mita 15. Nguvu ya kuvuta ni tani 18 gawanya kwa 15, yaani tani 1.2, ongeza msuguano wa magurudumu yenye mchanga, asilimia 5, ambayo ni tani 0.9. Jumla ni tani 2.1. Winchi ya mkono ya tani 3 inaiweza, au ya tani 2 ukitumia kapi moja inayotembea. Kebo isikatike chini ya mara tano ya mzigo huo, kwa hiyo milimita 16, nzima, isiyo na nyuzi zilizochomoza.

Urefu wa reli ndio unaowaponza watu. Ziwa likiwa chini kabisa, Novemba na Desemba, boti lazima iweze kuelea juu ya gari: mita 1.2 za boti, 0.8 za gari, na 0.3 za nafasi, jumla mita 2.3. Zidisha kwa 15, ni mita 35 za reli chini ya maji. Ongeza mita 10 za urefu wa gari, maana nyuma yake iko mbali zaidi. Kati ya Novemba na Mei ziwa hupanda kama mita moja, na miaka ya mvua nyingi huzidi, hivyo ongeza mita 15. Juu ya maji unahitaji mita 20 za kufanyia kazi. Hizo ni mita 80 za njia, reli mbili, juu ya mataruma yaliyokaa kwenye kokoto au zege. Waliojenga reli ya mita 40 walijenga chelezo ya mwezi wa tano.

Usiiweke karibu na mdomo wa mto. Kiwira, Mbaka na Lufirio zinashusha mchanga kila masika, na mchanga ukifunika reli gari linapanda juu yake na kutoka njiani, boti ikiwa mgongoni. Chagua pwani ya kokoto, na kabla ya kila safari mtu azame apapase reli zote mbili kwa mkono.

Wakati wa kuvuta, saa ya hatari ni pale omo inapogusa gari na tezi bado inaelea. Kwa dakika hizo uzito mkubwa wa mbele unakaa juu ya gogo moja la kwanza, na boti inakuwa nyepesi kuyumba ubavuni. Gogo la mbele liwe nene mara mbili ya mengine, na mihimili ya pembeni ibanwe kwa kabari kabla haijatoka majini. Kumbeni kwanza maji ya ngama, yale yaliyokusanyika chini ndani ya boti: lita 1,000 zilizosahaulika ni tani nzima, nazo zinakimbilia nyuma boti inapoinama. Kila mita 2 mtu aweke kabari nyuma ya magurudumu, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa kebo. Kebo ikikatika inarudi kama mjeledi.

Mwisho wa kebo hufungwa kwa klipu za U, angalau tatu, nne ni bora, zikiachana sentimita 10. Tandiko la klipu likae upande wa kebo inayovuta, na ile U yenyewe ikae juu ya mkia usiobeba mzigo. Wengi huzigeuza, U inauma kebo inayofanya kazi na kuikata nyuzi. Baada ya mvuto wa kwanza kebo hukonda kidogo, kwa hiyo nati zikazwe tena.

Na kabla ya kununua reli hata moja, kijiji kisimike nguzo yenye alama za sentimita kwenye maji tulivu, mtoto mmoja wa shule aisome kila Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaanza, aandike kwenye daftari, kuanzia Novemba hii hadi Mei. Daftari hilo ndilo litakalomwambia fundi reli ianzie wapi.

Fundi mitambo,
Kyela, Mbeya